Chupa ya Uzi Mweusi

"Umeachia!"

"Sijaachia."

"Umeachia! Nimeona mapovu yakirudi ndani mbio kama mbuzi walioona mvua. Nimesema shikilia, wewe ukaachia."

"Ulisema achia."

"Mimi?" Kichwa cha mume wake kilichomoza kando ya gurudumu, paji la uso limepakaa weusi wa vumbi la breki. "Mimi niseme achia na nati bado iko wazi? Mimi huyu?"

"Wewe huyo huyo, mzee. Na kwa sauti ya kuamsha majirani."

"Basi tukimaliza breki tutayatoa upepo na masikio yako."

Akarudi chini. Mke hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, sketi ameikunja hadi magotini, mguu wa kulia juu ya pedali, na pedali ilikuwa laini kama godoro la nyumba ya wageni. Walikuwa kwenye kazi hiyo tangu baada ya chai, na kila walipoirudia ilizidi kulegea.

Kazi yenyewe haina siri. Hewa ikiingia kwenye mabomba ya breki, dawa yake ni watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine anachuchumaa kwenye gurudumu na spana. Wa chini akisema kanyaga, wa juu anakanyaga. Akisema shikilia, wa juu anagandisha mguu pale pale, wa chini anafungua nati ndogo, mafuta yanaruka nje pamoja na mapovu yake, kisha anaifunga. Akishafunga ndipo anasema achia. Ukiachia nati ikiwa wazi, breki inavuta hewa upya, nanyi mnakuwa mnatwanga maji kwenye kinu.

Mguu huo mume aliuchagua mwenyewe. Enzi hizo yeye alikuwa kijana wa stoo katika kiwanda cha sabuni, na mke alikuwa fundi cherehani mwenye chumba kimoja na mashine moja. Kijana alileta suruali ya kupunguzwa, akasimama mlangoni akitazama jinsi binti yule anavyokanyaga cherehani, bila papara wala kusita. "Mguu kama huo," alisema, "ungefaa breki." Shangazi za binti huyo walicheka mpaka machozi waliposikia kwamba hiyo ndiyo ilikuwa posa. Alipoolewa alijikuta kweli ndani ya gari, anakanyaga, na tangu hapo jina lake nyumbani likawa Mguu.

Gari liliitwa Kikongwe. Hakuna fundi wa nje aliyewahi kulifungua hata kizibo. Mume wake hakusomea ufundi; alichokuwa nacho ni utaratibu wa mtu wa stoo. Gari likigoma kuwaka, hakununua kitu. Aliuliza kwanza: linapata moto? Linapata mafuta? Linapata hewa? Likichemka aliangalia maji, kisha kizibo, kisha mkanda, kwa mpangilio huo huo, na jirani aliyetaka kuruka hatua aliambiwa akatengeneze redio. Kwenye breki alianza siku zote na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu, akaja akikaribia, kama mtu anayefagia nyumba kutoka chumbani kwenda mlangoni.

Leo alikuwa ameanza na lililo karibu. Mke alipomuuliza, alisema, "Kuna tofauti gani?"

Hilo lilimchoma kuliko kelele zote zilizofuata.

"Kanyaga!"

Akakanyaga.

"Shikilia!"

Akashikilia. Akasikia nati ikifunguka, mafuta yakichuruzika kwenye kopo, pedali ikizama chini ya kiatu. Akangoja mlio mdogo wa spana ikikaza. Haukuja.

"Achia!"

Mguu haukutii. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mguu wake ulikaa pale pale.

"Achia, nimesema! Umekuwa kiziwi leo?"

"Funga nati, mzee."

Akasikia spana ikihangaika, ikikaza, na sauti ya mumewe ikija taratibu, kama ya mtu anayetafuta njia gizani. "Imefungwa. Ilikuwa imefungwa tangu mwanzo. Achia."

Aliachia.

Geti likalia. Binti yao mkubwa aliingia na pikapu ya mume wake, ile ambayo siku za kazi huondoka na mwenyewe kabla ya jua kuchomoza, akaiegesha nyuma ya Kikongwe. Alikuwa bado na sare ya uuguzi, ametoka zamu ya usiku, macho mekundu. Hata mlango wa pikapu hakuufunga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, muuguzi wangu. Umemleta abiria wangu?" Abiria alikuwa mjukuu, msichana wa darasa la pili, ambaye babu yake alimpeleka shule na kumrudisha kila siku, kwa sababu mama yake alikuwa na zamu na baba yake alikuwa na safari.

"Nimemwacha nyumbani na baba yake. Ameniambia jana babu ameegesha gari ndani ya michongoma."

Mzee akainuka, akajipangusa mikono kwa kitambaa, akacheka kweli kweli, mabega yakimtikisika. "Michongoma ni breki aliyoipanda Mungu mwenyewe! Pedali ilizama pale mteremkoni, nikavuta ya mkono, nikaegemea ua. Yule mtoto hakulia hata kidogo. Aliniambia, babu, rudia tena."

"Baba, si mzaha."

"Ndiyo maana tunaitengeneza. Unadhani mama yako amepanda humo kupunga hewa?" Akaangaza huku na huku, akakitazama kitambaa mkononi kana kwamba kuna mtu amempa akishike. "Niko tayari. Nikabadilishe shati nikalijaribu barabarani."

"Bado magurudumu matatu," alisema mke.

"Yametosha. Mguu wako umechoka, hausikii." Akaingia ndani, na mara maji ya bafuni yakasikika.

Binti alisogea mpaka dirishani. Aliongea chini chini, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kama angepiga kelele.

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Gari kugusa ua ni habari?"

"Mtoto wangu alikuwa ndani, mama."

"Hakuumia."

"Jana hakuumia. Nati za magurudumu unazikaza wewe. Usinikatalie. Nilikuona siku ile, yeye anaoga, wewe umechuchumaa na spana unazunguka gari kama mwizi. Nikasema, mama yupo, mama anaona. Nikanyamaza. Kumbe tumekuwa wawili tunaomsaidia atuue."

Mke alitazama mbele kupitia kioo. Ni kweli. Tangu siku aliyokuta gurudumu zima limefungwa kwa vidole tu, alikuwa akipita nyuma ya mumewe. Nati, kizibo cha maji, kifuniko cha oili. Alikaza kila alichokilegeza mzee, akafunga kila alichokisahau, na jioni mume aliposema, "Hili gari halijawahi kunisumbua," alimjibu, "Umelishika vizuri."

"Baba yako amechoka tu," alisema.

"Mama, mimi nawaona wazee hawa kila siku wodini. Mficha maradhi..."

"Usinimalizie methali. Nilikufundisha mimi."

"Basi unajua inavyoisha." Binti akafuta macho kwa kiwiko, kwa hasira, kama anafuta uchafu. "Jumatatu mtoto wangu haingii humu. Mwambie leo, au nimwambie mimi."

"Itamvunja."

"Najua. Ndiyo maana nakupa wewe umwambie. Mimi nitamwambia kama muuguzi. Wewe utajua namna."

Hakujua namna. Alikuwa mwanamke wa kusema jambo likiwa bado moto; wateja walimwogopa, wakwe walimheshimu kwa mbali. Mtu akileta kitambaa kibovu alimwambia ni kibovu. Lakini hili lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki, halishuki wala halitoki. Basi akafanya alichokiweza. Akaishughulikia breki.

Alikanyaga pedali harakaharaka. Mume wake alimfundisha: ikipanda unapoirudia, kuna hewa, ikibaki juu, mshukuru Mungu. Ilipanda kidogo. Akaikandamiza na kuishikilia, akasubiri. Pedali ikaanza kuzama taratibu chini ya mguu wake, bila haraka, kama mtu anayesinzia. Hiyo haikuwa hewa. Hiyo ilikuwa mipira ya ndani ya pampu, imeshindwa kuzuia. Na mipira hiyo ilikuwa mipya. Aliinunua mwenyewe, mume wake akaifunga mwenyewe, wakati huo mikono yake bado ikijua inachofanya.

Mpira mpya haufi bure. Kuna kitu kinaula.

Alishuka, akafungua boneti, akafungua kitungi cha mafuta ya breki. Kifuniko kilikuwa kigumu kutoka. Kimpira chake cha ndani kilikuwa kimevimba kama mkate uliolowa, kimejikunja, hakienei tena mahali pake. Akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akanusa. Akamwambia binti yake, "Niletee glasi ya maji. Na sirinji, kama unayo kwenye mkoba."

"Ya nini?"

"Lete."

Mafuta ya breki na maji hupatana. Ukiyadondosha kwenye glasi yanapotea kama sukari kwenye chai. Oili ya injini haipatani na maji hata ufanye nini. Huo ulikuwa mchezo wa mume wake kwa wageni. Watoto wa mtaa mzima walishawahi kuuona. Mke alivuta kidogo kutoka kwenye kitungi, akadondosha kwenye glasi, akaiinua juani. Matone ya rangi ya asali yakakusanyika juu, yakaungana, yakatulia.

Binti aliona. Hakuwa fundi, lakini alikulia kwenye ua ule. Akaweka mkono mdomoni.

Mke aliingia stoo, chumba kidogo ubavuni mwa nyumba ambacho mume wake alikipanga kama alivyopanga stoo ya kiwanda. Rafu ya juu, chupa ndogo zenye mdomo mwembamba. Mafuta ya breki yalikaa kwenye chupa zake yalizotoka nazo dukani, shingoni amezifunga uzi mwekundu. Zilizokwisha hakuzitupa, alizisafisha, akazijaza oili ya injini kwa ajili ya bawaba na kufuli, na hizo alizifunga uzi mweusi. Nyuzi zilitoka kwenye cherehani ya mkewe. Kila mgeni alimwambia utaratibu huo utamponza siku moja, chupa zote zinafanana, na kila mgeni alijibiwa, "Anayeshindwa kutofautisha nyekundu na nyeusi, asiingie humu."

Chupa za uzi mwekundu zilikuwa zimejaa, hazijafunguliwa. Ya uzi mweusi ilikuwa karibu tupu, kizibo kimewekwa pembeni kwenye rafu.

Alisimama humo kwa muda akiwa ameshika rafu. Hili hakuliona. Alipita nyuma yake kwenye kila nati, kila kizibo, akajiona mjanja, akadhani anaweza kuwa akili ya watu wawili. Hakuwa na macho ya kutosha. Na hata angeliona, oili ikishaingia kwenye breki haikazwi kwa spana. Inakula mipira yote, ya pampu na ya magurudumu yote, kimya kimya, mpaka siku ya mteremko.

Alipotoka, mume wake alikuwa uani. Amevaa shati la kijani lililopigwa pasi, nywele amezichana, ananukia sabuni. Alikuwa anazungusha ufunguo kwenye kidole, uso umetulia, mzuri. Moyo ukamuuma mke, kwa sababu hivi ndivyo alivyokuwa mlangoni siku ile ya suruali.

"Haya, Mguu. Twende tukalijaribu. Na muuguzi apande nyuma, aone kazi."

"Njoo uone kwanza hapa."

Akampa glasi. Mzee aliipokea, akaiinua juani kama alivyozoea, akafumba jicho moja. Na hapo akili yake yote ikarudi. Mke aliona inavyorudi: mgongo ulinyooka, midomo ikabana, macho yakawa yale ya mtu wa stoo anayehesabu mali na kukuta pengo.

"Haya yametoka wapi?"

"Kwenye kitungi cha breki."

"Cha gari hili?"

"Cha hili hili."

Aliinama kwenye boneti, akaushika ule mpira uliovimba, akaubonyeza. "Hii ni oili. Mtu ametia oili kwenye breki." Akageuka. "Mnajua maana yake? Mipira yote imeoza. Yote! Ukikanyaga mteremkoni unakanyaga uji. Huyu si mjinga, huyu ni muuaji. Nani amegusa gari langu?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Nauliza! Ni yule jirani wa kuazima jeki? Nilishasema stoo ifungwe. Aliyefanya hivi hafai kushika hata baiskeli. Simtaki karibu na gari langu, simtaki karibu na mjukuu wangu. Ningekuwa na mamlaka ningemnyang'anya ufunguo wa kila kitu, mpaka wa kabati. Ni nani, Mguu? Wewe unamjua. Nakuona usoni unamjua."

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwake. Ni mimi. Lilikuwa limezoea njia. Alilisema jiko lilipoachwa linawaka, alilisema funguo zilipokutwa kwenye ndoo ya mchele, alilisema mlango ulipolala wazi. Ni mimi, mzee, nilipitiwa. Angelisema sasa, mume wake angefoka, angemsamehe kabla ya chakula cha mchana, angenunua mipira mipya na kuifunga kwa mikono ile ile. Na Jumatatu mtoto angepanda, mkoba wake mgongoni, akamwambia rudia tena.

"Ni wewe, mzee," alisema mke.

Akacheka. "Usinitanie."

"Sikutanii. Chupa ya uzi mweusi iko tupu. Ni wewe uliyetia."

Aliutazama uso wa mkewe, kisha wa binti yake, akitafuta mahali ambapo utani utaanzia. Binti alikuwa anaangalia chini. Hapo ndipo alipoelewa. Mke aliona jambo hilo likimwingia na akatamani kulirudisha, kulivuta nje kwa mikono.

"Lini?"

"Sijui. Sikukuona."

"Kabla ya jana?"

"Kabla ya jana."

"Na yeye alikuwa ndani." Hakutaja jina la mtu. Hapakuwa na haja.

"Alikuwa ndani."

Aliiweka glasi juu ya injini, kwa uangalifu mkubwa, mahali tambarare pasipo na hatari ya kumwagika. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Akaiweka mikono yake magotini, viganja juu, akaitazama. "Mikono hii..." alisema.

Binti alipiga hatua kwenda kwake. Mama yake akamzuia kwa kumgusa bega. Kumbembeleza mtu huyu wakati huo kungekuwa kumvua nguo hadharani. Na mke alijijua: akikaa karibu naye dakika hiyo, akimshika mkono ule, atasema basi, yamepita, tutanunua mipira. Alijijua kama anavyolijua pindo la sketi aliyoishona mwenyewe.

Kwa hiyo hakukaa. Alikwenda stoo akatoa jeki na spana ya magurudumu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nalivua viatu."

Alianza na gurudumu la nyuma. Akaitia spana kwenye nati, akaikanyaga kwa mguu wake wa kulia, uzito wote, ikalia na kulegea. Nati zile zilikuwa ngumu kwa sababu yeye ndiye aliyezikaza. Akalegeza zote kabla ya kunyanyua, kama alivyofundishwa, maana gurudumu likishakuwa hewani linazunguka nawe na nati haifunguki. Akaweka jeki. Akakusanya matofali kando ya ukuta, akayapanga chini ya gari.

"Si hayo."

Akageuka. Mume wake alikuwa bado kwenye ngazi, lakini amenyanyua kichwa.

"Tofali linapasuka bila kuaga. Gari litakulalia. Yako magogo nyuma ya tangi la maji, niliyakata kwa kazi hiyo. Na weka kabari mbele, kwenye lile jingine, kabla hujanyanyua."

"Sawa, mzee."

Binti alileta magogo na kabari. Mke alinyanyua gari, akatoa gurudumu, akasukuma gogo chini, akashusha. Wakahamia la pili. Jasho lilimwingia machoni, na alishukuru, kwa sababu lilimpa sababu ya kuyafuta. Wakafika la tatu.

Hapo mzee alisimama, akaja taratibu, mikono nyuma, kama anavyosogelea gari la jirani lililoharibika njiani. Aliinama akatazama chini.

"Limepata nini?" aliuliza.

Mke aliacha spana. Alimtazama machoni na hakukuta kitu cha dakika chache zilizopita. Wala hasira, wala aibu, wala mtoto aliyekuwa ndani. Palikuwa na udadisi tu wa mtu mzuri aliyekuta watu wana shida. Jambo lile zito alilomkabidhi, lililomchubua koo kulitoa, alikuwa ameshalidondosha. Limebaki kwa mke peke yake.

Binti alifungua mdomo. Mama yake akatikisa kichwa.

"Breki zimekufa," alisema.

"Za magurudumu yote?"

"Yote."

"Pole." Akapiga boneti kwa kiganja, mara moja, kama anamfariji mnyama. "Kikongwe chetu. Na lilivyotunzwa." Kisha, baada ya kufikiri, "Mwambie mwenye kazi hii asiligongegonge. Aende nalo polepole."

"Nitamwambia."

La nne lilikuwa gumu kuliko yote. Nati ya mwisho ilikataa. Aliikanyaga mpaka goti likamlia, akapumzika, akaikanyaga tena. Mume wake akamwonea huruma; akaweka mguu wake kando ya wa mkewe juu ya spana, bega kwa bega, wakakanyaga pamoja, na nati ikaachia kwa mlio. "Mguu mzuri huo," alimwambia, na akatabasamu, na mke ikambidi ainame haraka kwenye jeki.

Gari lilipokaa juu ya magogo yote, lilionekana fupi na la aibu, kama mzee aliyevuliwa viatu mapokezini hospitalini. Mke alizoa nati kwenye kopo. Akaviringisha gurudumu la kwanza mpaka kwenye pikapu, akalisimamisha.

"Fungua nyuma."

"Niyapeleke wapi?" binti aliuliza.

"Kwako. Kisha uyauze, au uyagawe, au mkayakalie. Hapa yasirudi."

"Mama, yakae stoo tu, tufunge."

"Stoo mwenye ufunguo ni mimi. Kesho atanitazama hivi anavyonitazama, atasema twende tukalijaribu, nami nitafungua. Wewe umeniona ninavyofanya." Akainua upande wake wa gurudumu. "Shika. Na hata nikikupigia simu nikakulilia, usiyarudishe."

Waliyapakia. Mzee alisaidia la mwisho, akauliza kama limepata pancha, akaambiwa halina pancha. Aliegemea ukuta, akatazama kamba zikifungwa, akakosoa fundo moja, na fundo hilo kweli lilikuwa bovu. Mke akalifungua akalifunga upya.

"Na Jumatatu?" binti aliuliza, ameshakaa kwenye usukani.

"Jumatatu nitakuja mimi nimchukue. Tutatembea. Ana miguu, nina miguu."

"Anayapeleka wapi magurudumu yangu?" mzee aliuliza kutoka nyuma yake. Sauti haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu anayetaka kujua tu.

"Kwake."

"Atayarudisha lini?"

Mke alimtazama. Akaona shati la kijani, nywele zilizochanwa, ufunguo bado unaning'inia kwenye kidole.

"Hatayarudisha, mzee."

"Ah," alisema mumewe. "Ah."

Akafungua geti mabawa yote mawili, akasimama kando, akaligonga bati la pikapu kwa kiganja mara mbili, kwa nguvu, kama kondakta anayeruhusu gari liondoke. Binti yake akaondoa gari.